Ukijaribu mlo wa mimea: yanayosikika mwilini na yasiyosikika

Siku ya tatu ndiyo huwa ngumu. Mtu ameacha nyama, maziwa na mayai kwa mkupuo, akajaza sahani maharagwe, dengu na nafaka isiyokobolewa, na sasa tumbo limejaa kama ngoma. Anakuja kwetu wataalamu wa lishe na hukumu tayari: "Mwili wangu unakataa."

Haukatai. Vyakula vya jamii ya kunde, kama maharagwe na dengu, vina aina za sukari ambazo vimeng'enya vyetu haviwezi kuzivunja. Hufika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wanaoishi humo wanazichachusha, na gesi ndiyo inayobaki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi, yaani sehemu za mimea ambazo nazo hatuwezi kuzimeng'enya, kwa siku. Aliyezoea kula chini ya hapo, kisha akavuka kiwango hicho usiku mmoja, amewapa bakteria hao kazi wasiyoizoea. Anza na vijiko vichache vya kunde kwa siku, ongeza baada ya siku kadhaa, na unywe maji ya kutosha, kwa kuwa nyuzinyuzi bila maji huweza kufunga choo badala ya kukilainisha. Loweka kunde usiku kucha, mwaga maji hayo, chemshia mengine. Kwa wengi gesi hupungua ndani ya wiki chache.

Lakini kutapika na kuharisha saa chache baada ya kula maharagwe mekundu ni jambo jingine kabisa. Yakiwa mabichi au nusu mabichi yana sumu ya asili, na moto mdogo hauiondoi. Baada ya kuyaloweka, yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10, kisha uendelee kuyapika mpaka yaive.

Ukitaka kujua mwili unasemaje, shika daftari kabla ya kubadilisha chochote. Wiki moja ya mlo wako wa kawaida inatosha: usingizi, choo, njaa, nguvu za mchana. Hapo ndipo ubadilishe, na ubadilishe mlo peke yake. Anayeacha nyama, soda na kukesha siku moja, akaanza na kukimbia asubuhi, hawezi kujua ni kipi kilichomfanya ajisikie mwepesi. Andika pia ulichokula hasa. Chipsi na soda navyo ni mlo wa mimea! Na uchovu wa wiki za mwanzo mara nyingi hauna siri: mboga na matunda hujaza tumbo kwa nishati kidogo, kwa hiyo mtu anashiba huku anakula pungufu. Kabla hujalaumu mimea, ongeza kunde, karanga na nafaka.

Hayo ndiyo yanayosikika. Yanayotutia wasiwasi zaidi hayapigi kelele.

Vitamini B12 haipatikani kwa uhakika katika mmea wowote. Mahitaji ni madogo mno, takriban mikrogramu 2.4 kwa siku kwa mtu mzima, na ini huweza kuwa na akiba ya miaka kadhaa. Ndiyo maana mtu anaweza kusema kwa dhati kwamba ana mwaka mzima bila vitamini hiyo na hajambo. Akiba inapokwisha, huja ganzi na mchomo wa miguu na mikono, uchovu, usahaulifu. Foleti, vitamini nyingine ambayo mlo wa mimea unayo tele, huweza kuficha dalili za upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, na uharibifu huo wakati mwingine haurudi nyuma. Usitegemee spirulina, unga wa mwani: B12 iliyomo humo kwa sehemu kubwa ni ya aina ambayo mwili hauwezi kuitumia. Asiyekula kabisa vyakula vya wanyama atumie vidonge au vyakula vilivyoongezewa B12, tangu mwanzo.

Madini chuma yamo katika mimea, ila hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama. Limau au chungwa pamoja na mlo husaidia. Chai na kahawa huzuia, hivyo zisubiri saa moja au zaidi. Wanawake wanaopata hedhi na wajawazito wasilipuuze hili.

Anayetumia insulini au dawa za presha amweleze daktari kabla ya kuanza, maana mlo ukibadilika, dozi ya jana inaweza kuwa kubwa leo. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze mboga za majani ghafla, na mgonjwa wa figo aulize kuhusu potasiamu.

Kwa wengine, pimeni wingi wa damu, B12, kolesteroli na shinikizo la damu kabla ya kuanza, mrudie baada ya miezi mitatu. Kolesteroli mbaya inaweza kushuka ndani ya wiki chache tu, nayo pia haisikiki popote mwilini.