Je, wajua kwa nini fundi huiwasha stereo ya zamani kupitia balbu?

Arusha ni mji ambao Philips waliwahi kuwa na kiwanda cha redio, na eneo moja la mji bado linaitwa kwa jina hilo. Resiva za miaka ya 1970, yaani stereo zenye redio na amplifaya ndani ya sanduku moja, hazijaisha majumbani: Pioneer, Marantz, Sansui, nzito kama mfuko wa saruji, zimefunikwa kitambaa tangu mzee alipoacha kuzipiga. Mrithi akiipeleka moja kwa fundi mzoefu, fundi haichomeki ukutani. Anaichomeka kwenye soketi iliyofungwa juu ya kipande cha ubao pamoja na holda ya balbu, kisha anaitazama balbu, wala si stereo.

Sababu iko ndani ya kapasita kubwa za umeme, yale makopo mawili au manne ya kuhifadhi umeme yaliyo karibu na transfoma. Kila moja ina karatasi mbili za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi ya kawaida iliyoloweshwa kimiminika. Kinachozuia umeme usivuke ni utando mwembamba mno wa oksidi uliogandamana na alumini, na utando huo hutunzwa na umeme wenyewe. Stereo ikikaa miaka ishirini bila kuwashwa, utando unadhoofika. Siku ukiipa volti zote kwa mpigo, umeme unavuja ndani ya kapasita, kimiminika kinapata moto, kopo linavimba au kupasuka. Stereo nyingi zinazosemwa "zimekufa stoo" ziliuawa siku ya kuwashwa, na hilo linaniuma kwa sababu lilizuilika.

Balbu inafungwa mfululizo na stereo, yaani umeme wote unapita kwanza kwenye uzi wake. Balbu ya wati 100 kwenye volti 230 haipitishi zaidi ya ampea 0.43, hata kama ndani kuna shoti kamili. Uzuri wake uko kwenye uzi: ukiwa baridi ukinzani wake haufiki hata sehemu ya kumi ya ule wa ukiwa moto, ambao ni kama ohmu 529. Stereo ikivuta umeme kidogo, uzi hauwaki sana na volti nyingi zinaifikia stereo. Ikivuta kupita kiasi, uzi unawaka na kuzichukua volti wenyewe. Ndiyo maana balbu za LED, zisizo na uzi, hazifai kabisa kwa kazi hii. Ukizikosa zile za uzi madukani, ulizia wanaouza vifaa vya kulelea vifaranga, ila za wati 250 ni kubwa mno kuanzia.

Balbu ikiwaka ghafla kisha ikafifia, kapasita zimejaa na mambo ni mazuri. Ikibaki inang'aa, zima hapo hapo: kuna shoti, mara nyingi kwenye transista za nguvu au dayodi. Fundi mvumilivu huanza na balbu ya wati 25 au 40, ambayo huibania stereo volti, akaiacha kwa muda utando ujijenge, ndipo apandishe. Na ieleweke kwamba balbu inailinda stereo tu. Ukigusa waya wa laivu unakufa vile vile.

Kabla ya yote, soma kibao cha nyuma. Japani hutumia volti 100, Marekani 120. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti, nyingine hazina, na hizo zinahitaji transfoma ya kushushia. Ukiona volti 100 peke yake, tazama na mstari wa FM: ukiishia 90, iliundwa kwa ajili ya Wajapani, na sehemu kubwa ya stesheni zetu, zilizo kati ya 88 na 108, hutazipata. Wenye magari ya Japani wanalijua tatizo hili.

Utando ukirudi, kapasita haijawa mpya. Kimiminika kikikauka unasikia muungurumo mzito hata sauti ikiwa imeshushwa kabisa. Hapo ni kubadilisha: maikrofaradi (kipimo cha ujazo wa kapasita) zile zile, volti sawa au zaidi, na ikiwezekana za nyuzijoto 105 badala ya 85, kwa kuwa kila nyuzijoto 10 zikiongezeka umri wa kapasita hupungua karibu nusu. Kung'oa kapasita kwenye bodi chakavu ili kuokoa shilingi chache sikubaliani nako, nazo zimezeeka. Mkwaruzo wakati wa kuzungusha kitufe cha sauti ni jambo jingine, ni uchafu, na dawa ya kusafishia viunganishi humaliza.

Spika hufungwa mwisho. Fundi huweka mita kwenye matundu ya spika, stereo ikiwa kimya, na kupima volti za DC, yaani umeme wa mkondo mmoja kama wa betri. Milivolti chini ya 50 ni salama. Volti kadhaa mara nyingi maana yake transista imeungua, na koili ya spika ndiyo itakayofuata.