Herufi za Ukingo: Dhana Potofu na Ukweli

Herufi za ukingo ni zile zinazochorwa pembezoni tu, katikati pakaachwa wazi. Kwenye bango la tamasha au jalada la albamu zinachangamsha kuliko herufi nzito iliyojaa wino. Kwa bahati mbaya zinatumiwa ovyo, na chanzo ni dhana chache zilizozoeleka.

Dhana: Chukua fonti yoyote, iwekee mstari wa pembeni, umemaliza.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kwa kawaida programu huuweka mstari juu ya mpaka wa herufi, nusu ukaingia ndani, nusu ukatoka nje. Herufi inanenepa, inamsogelea jirani yake, na matundu yake ya ndani yanaziba. Kiswahili kimejaa a, kwa hiyo sisi tunaumia haraka: andika TAARABU kwa njia hiyo uone matundu matatu ya A yanavyobanwa. Fonti za kisasa zinazobadilika uzito zina tatizo jingine. Vipande vya herufi moja huwa vimepishana, basi ukiongeza mstari, maungio yote yanajitokeza katikati ya herufi.

Fonti iliyochorwa kwa ukingo tangu mwanzo haina shida hizo. I ya kawaida ina mpaka mmoja, ya ukingo ina miwili; O ya kawaida ina miwili, ya ukingo ina minne. Kila mpaka umepimwa kwa jicho la mchoraji, tundu likapanuliwa, kona ikalegezwa. Fonti ya ITC Eras ya wachoraji Albert Boton na Albert Hollenstein, iliyotoka mwaka 1976, ilikuja na mtindo wake wa ukingo uliochorwa hivyo. Hiyo ni kazi ya mkono, na inastahili kulipiwa.

Dhana: Ni mtindo ulioletwa na kompyuta.

Wachapaji wa Uingereza walikuwa nazo tangu karne ya 19, enzi za mabango ya matangazo mitaani. Huko Marekani, kampuni ya William H. Page ilitoa mwaka 1874 kitabu cha vielelezo vya herufi za mbao za rangi: ubao mmoja unachapa rangi ya ndani, mwingine unachapa ukingo juu yake. Ukipanga tabaka mbili kwenye skrini leo, unafuata njia ileile.

Dhana: Maandishi meupe yenye mpaka mweusi kwenye meme ni ya aina hii.

Hapana. Meme hizo huandikwa kwa Impact ya Geoffrey Lee, ya mwaka 1965, na hiyo ni fonti nzito iliyojaa. Mpaka mweusi unaitenga tu na picha. Herufi ya ukingo hufanya kinyume, inaiacha picha ipite ndani yake. Kwa hiyo iweke penye utulivu, kama anga au ukuta wa rangi moja. Juu ya umati wa watu itapotea.

Dhana: Ikipendeza kwenye kichwa, itapendeza hata kwenye maelezo.

Ikiwa ndogo, mistari yake miwili hugandana na jicho linaona kijivu. Iachie maneno matatu au manne, makubwa. Kwenye fulana wino husambaa, chagua yenye mstari mnene.

Na kabla ya kuinunua, andika NG'OMBE. Fonti nyingi zimechorwa na watu wasioijua ng' yetu, na kile kialama cha juu hugeuka doa.