Kibali cha Ujenzi na Paa la Nyumba ya Kijijini

Mimi ni mkaguzi wa ujenzi wa kaunti hapa Kenya. Msimu mmoja wa mvua ndefu nilikwenda kukagua nyumba iliyoezuliwa na upepo. Paa nililikuta kwenye shamba la mahindi, limelala chali, mabati yakiwa bado yamegongomewa kwenye mbao zake. Hakuna hata bati moja lililong'oka.

Mwenye nyumba hakuwa mbahili. Alinunua mabati ya geji 28, mazito kuliko ya geji 30 na 32 (namba ikishuka, bati huwa nene zaidi). Lakini kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zilishikizwa kwenye mbao ya juu ya ukuta kwa misumari miwili miwili, na mbao yenyewe ilikalishwa tu juu ya tofali. Misumari niliikuta imesimama pale pale ukutani, imepinda kidogo.

Wengi hudhani upepo hulisukuma paa kutoka ubavuni. Kwa kweli, upepo unaopita juu hulivuta paa kwenda juu, na ule unaoingia mlangoni, dirishani au chini ya upenu hulisukuma kutoka ndani. Nguvu zote mbili zinaelekea upande mmoja. Kingo, pembe na upenu ndizo huvutwa zaidi. Kwa kuwa bati ni jepesi, uzito wake hausaidii kitu, na msumari uliopigwa wima hutoka kwa njia ile ile ulioingilia.

Dawa yake ni mkanda wa zege wenye nondo juu ya ukuta, na vipande vya bamba la chuma vilivyozamishwa humo, vikazungushwa juu ya mbao na kenchi, kisha vikapigwa misumari pande zote mbili. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya mabati. Kingoni na kwenye kofia ya paa (bati linalofunika kilele), misumari isogezwe karibu karibu. Iwe ile yenye mpira, ipigwe kwenye mgongo wa wimbi la bati ili maji yasipenye.

Mchoro wa nyumba ukiletwa ofisini kuombewa kibali, hapo ndipo mimi hutazama kwanza: paa limeshikwaje na ukuta? Kosa kwenye karatasi hurekebishwa kwa kalamu. Ndiyo maana huniuma nikisikia kwamba kibali ni mambo ya mjini. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kifungu cha 57, inamtaka yeyote anayejenga ndani ya kaunti apate kwanza idhini ya serikali ya kaunti. Anayeanza bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au yote mawili. Nawe una haki yako: siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, sheria inahesabu kwamba idhini imetolewa. Kwa hiyo dai stakabadhi yenye tarehe ya siku uliyowasilisha ombi.

Kanuni za ujenzi zenyewe zimebadilika. Zile za 1968 zimeondolewa, na Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zilianza kutumika tarehe 1 Machi 2025. Fundi aliyejifunza kazi zamani asitegemee mazoea.

Ukitaka kutoa mabati na kuweka vigae vya saruji, usitumie kenchi zile zile bila mhandisi kuzipigia hesabu upya, maana vigae huzidi mabati kwa uzito zaidi ya mara kumi. Na kama paa lako la zamani ni la asbesto, usilivunje wala kulikata. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Wasiliana kwanza na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira.

Siku kenchi zinaposimama, kabla bati la kwanza halijapanda, ita mkaguzi kutoka ofisi ya ujenzi ya kaunti ndogo yako. Wakati huo bado tunaweza kupanda ngazi, kushika kila kiungo kwa mkono, na kumwonyesha fundi palipolegea.