Unatafuta iafoni za kuvaa kwenye ndege? Anza na sikio lako kwanza

Hapa kitengo cha usikivu kuna swali tunaulizwa sana, mtu anasafiri masaa kumi na ndege anataka iafoni zitakazomuondolea ule mngurumo wa injini, na wengi wanataka nitaje kampuni tu waende wakanunue. Kampuni sitaji. Nataka uelewe unapambana na kelele ya aina gani, ukishajua hilo muuza duka hakupati.

Ndege ikishatulia huko juu, ndani mle kelele inacheza kama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 mpaka 85, wakati wa kuruka inazidi hapo. Sio injini peke yake, kuna upepo unaosugua mwili wa ndege, kuna hewa inayopulizwa humo ndani, vyote vinachanganyika vinakua mvumo mmoja mzito usiopumzika. Kwa abiria wa mara mojamoja huo mvumo wenyewe unachosha tu, hatari inaanza ukiweka muvi. Iafoni zisizoziba vizuri zinaupitisha mvumo karibu wote, kwa hio ili usikie maneno unapandisha sauti, unapandisha tena, na huoni kama ni kubwa sababu umezungukwa na kelele, mwisho unajipigia desibeli 94 masaa matano mfululizo. Kipimo kinachotumika sana kwa wafanyakazi ni desibeli 85 kwa masaa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, yaani 88 ni masaa manne, 91 ni mawili, 94 ni saa moja basi. Ndo maana mi naposema iafoni nzuri ya ndege namaanisha ile inayokuwezesha kusikiliza kwa sauti ndogo, hayo mengine ni mapambo.

Sasa kelele inazuiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuziba, kama unavyoweka kidole sikioni. Ya pili ni kufuta, kuna vimaikrofoni vinausikia mvumo wa nje alafu kifaa kinatengeneza wimbi lililo kinyume chake, mawili yakikutana yanauana. Wazo hili ni la zamani kuliko watu wanavyodhani, Mjerumani Paul Lueg alipata hataza yake (hati ya kumiliki uvumbuzi) Marekani mwaka 1936, na mhandisi Mmarekani Amar Bose alianza kulifanyia kazi mwaka 1978 baada ya kupanda ndege kutoka Zurich kwenda Boston akashindwa kufurahia muziki kwa ajili ya kelele. Kufuta kunafanya kazi vizuri sana kwa sauti nzito zisizobadilikabadilika, na injini ndo hizo hizo. Mtoto anayelia au jirani anayeongea hafutiki hivyo, hao unawapunguza kwa kuziba. Kwa hio unahitaji vyote viwili.

Kwenye boksi tafuta herufi ANC (Active Noise Cancelling), ndo ile ya kufuta. Ukikuta ENC peke yake ujue hio inasafisha sauti yako wakati unapiga simu, anayefaidi ni yule wa upande wa pili, wewe injini utaisikia kama kawaida. Watu wengi wanapigwa hapa.

Alafu kitu ambacho mi nakiona kikubwa kuliko bei: kukaa vizuri sikioni. Hata ANC ya bei mbaya ikivuja pembeni inapoteza nguvu palepale kwenye sauti nzito. Zile za kuingiza ndani zinakuja na viraba vya saizi tofauti, jaribu zote, na usishangae kulia ikataka saizi moja na kushoto nyingine. Vaa, ongea kidogo, kama sauti yako inasikika nzito kama inatokea ndani ya kichwa basi umeziba. Za kufunika sikio lote ni nzuri kwa safari ndefu, chaji ya nyingi inapitisha masaa 20, ila kama unavaa miwani zijaribu ukiwa nayo usoni, ile mikono ya miwani inaacha upenyo. Na uhakikishe zinakubali waya, skrini nyingi za kwenye siti hazina Bluetooth.

Huna hela ya ANC? Vile vizibo vya sponji vinasaidia kweli, na bei yake ni ndogo sana. Kiviringishe kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa upande wa pili, ingiza, shikilia mpaka kitanuke. Kikibaki nje kimechomoza chote hakijaziba.

Watoto wana kipimo chao, Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 75 kwa masaa 40 kwa wiki, kwa hio hedifoni ya mtoto iliyoandikwa mwisho 85 bado mzazi unatakiwa uipunguze mwenyewe.

Ndege ikianza kushuka na masikio yakauma, chomoa za kuingiza ndani, meza mate, piga miayo, hasa kama una mafua. Ukichagua siti, mbele ya mabawa huwa pametulia kuliko nyuma kwa ndege zenye injini chini ya mabawa. Na ukishatua masikio yakaendelea kulia mpaka kesho yake, au upande mmoja ukawa hausikii vizuri, usisubiri yazoee, nenda ukapimwe.