Uji wa saa nne: hesabu ya chakula cha shule katika nchi ya korosho

Kila Januari shule nyingi za msingi za mikoa ya Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, huitisha mkutano wa wazazi, na miongoni mwa ajenda lazima iwepo ya chakula cha wanafunzi. Mwenyekiti wa kamati ya shule anasoma kiwango cha fedha kwa kila mtoto, kilipwe kabla Februari haijaisha. Wazazi wanaitikia, muhtasari unasainiwa, na ikifika Machi stoo ina magunia matatu. Hapo ndipo utasikia kwamba wazazi wa kusini hawana mwamko wa elimu. Nayakataa maneno hayo kabisa. Tatizo la kwanza la chakula shuleni kwetu ni kalenda.

Itazame kaya ya hapa mwaka mzima. Mvua ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Mahindi yanavunwa kati ya Mei na Julai, mbaazi Agosti na Septemba. Korosho zinaokotwa kuanzia mwishoni mwa Septemba, na minada inachangamka Oktoba mpaka Desemba. Ikifika Januari ghala la nyumbani limepungua, fedha ya korosho imeshalipa madeni, bati na sare za shule, na shamba linadai palizi. Ndipo tunapomwendea mzazi na daftari la michango! Hata mwenye nia njema hana kitu mkononi.

Kwa hiyo mkutano wa chakula uwe Mei, na mchango ukusanywe mara tatu: mahindi Juni na Julai, mbaazi na karanga Septemba, fedha taslimu Novemba. Mzazi aombwe kile alichonacho, wakati anacho.

Msaada wa serikali usipewe kazi isiyo yake. Tangu Januari 2016 elimumsingi haina ada. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo sh 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu na sh 6,000 huenda shuleni. Gawanya sh 6,000 kwa siku 194 za masomo, unapata sh 31 kwa siku kwa mtoto, na humo mna chaki, ukarabati na mitihani. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimeachwa kwa mzazi. Mwalimu naye, tangu tamko la Rais Magufuli la Januari 2018, hatakiwi kushika michango. Anayepokea na kutunza ni kamati, kwa ridhaa ya wazazi na kwa kibali cha mamlaka husika, na hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa.

Sasa hesabu. Chukua shule ya watoto 400.

Makande yanataka takriban gramu 120 za mahindi na gramu 30 za mbaazi au maharage kwa mtoto. Kwa siku ni kilo 48 za mahindi na kilo 12 za mbaazi. Kwa siku 194 ni kilo 9,312 za mahindi, yaani magunia 93 ya kilo 100. Kwa kila mtoto ni kilo 23, debe moja na zaidi kidogo ya robo.

Uji unataka gramu 60 za unga kwa mtoto. Kwa siku ni kilo 24, kwa mwaka kilo 4,656, magunia 47. Kwa mtoto mmoja ni kilo 12, hata debe halijajaa.

Shule nyingi zikipata nusu ya lengo hufanya uamuzi ambao naona ni makosa makubwa: wanapika makande ya darasa la nne na la saba tu, kwa kuwa ndiyo madarasa ya mitihani. Mtoto wa darasa la kwanza, aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kutembea kilomita tatu bila kutia kitu kinywani, anashinda na njaa. Huyo ndiye anayejifunza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na pengine Kiswahili chenyewe anakizoea shuleni kwa sababu nyumbani ni Kimakonde, Kimwera au Kiyao. Akikaa saa tatu akiangalia herufi huku tumbo linamkata, herufi haziingii. Na makande yakiiva saa saba, darasa la kwanza na la pili wameshaondoka. Magunia 47 yaleyale yangewapa watoto wote 400 uji mapumziko ya saa nne. Ukiwa na nusu, pika uji, na wanywe wote.

Uji wa watoto 400 unapikwa hivi. Chemsha lita 140 za maji katika masufuria mawili makubwa. Koroga kilo 24 za unga wa dona katika lita 20 za maji baridi mpaka mabuje yaishe, kisha mimina kidogo kidogo huku mwenzako anakoroga. Uache uchemke dakika 20 hadi 30. Karanga zilizokaangwa na kusagwa, kilo 4, zitiwe mwishoni pamoja na sukari kilo 4, na chumvi yenye madini joto kiasi cha kuleta ladha tu. Karanga zisionekane kama anasa, maana unga wa mahindi peke yake unashibisha lakini haujengi mwili. Dona nayo haikai muda mrefu. Ina mafuta ya kiini cha mhindi, na ikipita wiki chache inachacha na watoto wataukataa uji. Saga ya wiki moja tu, kilo 120.

Kwenye uwanda wa Makonde wazazi wengi watakuja na makopa, yaani muhogo mkavu, badala ya mahindi, na hilo si baya, ila kamati iulize yametengenezwaje. Muhogo mchungu uliokatwa na kuanikwa tu unabaki na sumu, na sumu hiyo kwa mtoto asiyekula protini ya kutosha huleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiopona. Pokea makopa ya muhogo uliomenywa, ukalowekwa siku tatu hadi ukalainika, ndipo ukaanikwa. Yenye ukungu, weusi kwa kijani, yarudishwe palepale mlangoni.

Mahindi ya Julai lazima yafike Machi, na hapa ndipo shule nyingi hupoteza jasho la wazazi. Gunia la kawaida likiwekwa sakafuni, dumuzi na fukusi hulimaliza kabla ya Krismasi. Unyevu nao unaleta sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ambayo haionekani wala haiondoki kwa kupika. Kabla ya kupokea, pima ukavu kwa chumvi: tia mahindi robo ya chupa kavu ya kioo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funika, tikisa dakika chache kisha acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Yarudi kwenye turubai. Isipoganda, bado anika siku moja zaidi, kwa sababu mifuko ya kinga njaa inataka unyevu usiozidi asilimia 13.

Kinga njaa ina mifuko miwili ya plastiki ndani na kiroba nje. Jaza mfuko wa ndani kabisa, kamua hewa, sokota mdomo, ukunje, funga kwa kamba. Funga wa pili peke yake, kisha kiroba. Kosa la kawaida ni kuifunga yote kwa kamba moja, ambapo hewa inapita na wadudu wanaishi. Kosa la pili ni kufungua mfuko kila siku ili kuchota. Fungua mmoja, umalize wote. Mifuko ikae juu ya chaga, mbali na ukuta, ili uweze kuzunguka na kuona kinyesi cha panya.

Fedha ya Novemba itoke mnadani. Chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, AMCOS, kikiuza tani 300 na wanachama wakakubaliana kukatwa sh 15 kwa kilo, ni sh 4,500,000. Sukari kilo 4 kwa siku ni kilo 776 kwa mwaka. Ikiwa sh 3,000 kwa kilo ni sh 2,328,000. Zinabaki sh 2,172,000 za kusaga, chumvi na posho ya wapishi wawili. Makato hayo yapitishwe na mkutano mkuu wa wanachama, afisa ushirika akijua, na kama AMCOS ina shule tatu zigawanywe kwa idadi ya watoto. Aliyeuza kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya ushirika, kabla ya msimu hatakatwa popote, na asiye na mikorosho vilevile, kwa hiyo hao waorodheshwe mapema na watoe nguvu kazi: kuni, maji au kuanika mahindi. Posho ya wapishi isisahaulike. Wapishi wasipolipwa, jiko huzimika huku stoo ina mahindi.

Maji ni lita 160 za uji na kama 200 za kuosha vikombe na mikono, jumla ndoo 18. Ndoo hizo kwa kawaida zinakuja kichwani mwa wasichana, wakati vipindi vinaendelea. Paa la madarasa mawili lina karibu mita za mraba 160. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo mvua ya milimita 900, ukitoa moja ya tano inayopotea, ni lita 115,000. Siku 100 za masomo za kiangazi zinataka lita 36,000. Tangi la lita 40,000 linatosha, mradi mifereji ya bati isiwe na matundu na mvua ya kwanza ioshe paa bila kuingia tangini.

Kuhusu kuni, agizo la serikali kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa linazihusu shule zetu pia. Uji unaoiva ndani ya saa moja ni rahisi kuuhamishia kwenye gesi kuliko makande yanayopikwa kwa muda wa saa tatu.

Mwisho, daftari la stoo. Liwe na tarehe, kilo zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki, idadi ya watoto waliokunywa, na saini mbili, moja ya mzazi wa zamu. Kila Ijumaa pima kwa mzani kilichobaki. Wiki ya siku tano ni kilo 120. Tofauti ikizidi kilo 5, kamati iulize Ijumaa hiyohiyo, mpishi na mzazi wa zamu wakiwa bado wapo jikoni.