Leya sio spliti, jamani

Hili naomba tuelewane, maana kuanzia Mwanjelwa mpaka Uyole, na ukipanda basi ukashukia Mafinga ni yale yale, mpiga kinanda akigusa kitufe chochote ikatoka sauti ambayo watu hawakuitegemea basi utasikia "huyu jamaa ana leya hatari". Katoka piano kaenda ogani, eti leya. Mkono wa kushoto unapiga besi kwa sababu mwenye gitaa la besi hajatokea mazoezini, nayo leya. Aaah.

Leya ni hivi: unabonyeza noti moja, zinalia sauti mbili au zaidi kwa pamoja. Piano na stringi (sauti ya violini nyingi pamoja), ogani na kwaya, basi. Maana yake imeishia hapo.

Sasa spliti ni kukata kinanda vipande, huku chini inalia sauti moja na huku juu nyingine, na noti yoyote utakayobonyeza inatoa sauti ya upande wake tu. Kwenye kande mahindi na maharage yanapanda kijiko kimoja, hiyo ndio leya, ila sahani ikiwa na ugali upande huu na mboga upande ule tayari ni spliti. Sijui kwa nini linatushinda wakati kinanda chenyewe kimeandikwa, kwenye Yamaha PSR ndogo kuna DUAL, ndio leya yenyewe, na kuna SPLIT, na zile kubwa kuna Right 1 na Right 2, sauti za mkono wa kulia, ambazo ukiwasha zote zinapandana, halafu kuna Left ambayo ndio ya mkono wa kushoto. Na sio mambo ya juzi, Roland walipotoa kinanda chao cha Jupiter-8 mwaka 1981 tayari Dual na Split vilikuwa vitufe viwili tofauti vimekaa jirani kabisa.

Utaniuliza shida iko wapi kama sauti inatoka. Shida ni kwamba haya mambo mawili yanaharibika kwa njia tofauti, kwa hiyo ukikosea jina unaenda kutengeneza pasipoharibika. Nimeshamuona mtu anashusha volyumu ya stringi weee, analalamika leya yake inakata katikati ya melodi, kumbe hana leya, ana spliti, na nukta ya kukatia iko pale ilipotoka nayo kiwandani, F# iliyo chini kidogo ya C ya katikati, mkono wa kulia ukiteremka tu kidogo unaangukia kwenye besi. Hapo dawa ni kuisogeza nukta chini, volyumu haihusiki hata kidogo.

Leya nayo ina magonjwa yake. La kwanza ni noti kukatika, kwa sababu kila kinanda kina kikomo cha sauti zinazoweza kulia kwa wakati mmoja (hapa nahesabu mlio mmoja mmoja, sio aina ya ala), vidogo unakuta 32 au 48, vya bei unakuta 128, na leya inakula hicho kikomo. Ile Jupiter-8 ilikuwa na sauti 8, ukiweka Dual unabaki na noti 4, gumba na vidole vitatu umemaliza. Kinanda cha Korg M1 cha mwaka 1988 kilikuwa na 16 na kiliruhusu kurundika programu, yaani ala zake, mpaka 8 mahali pamoja, sasa gawanya mwenyewe, ukizipanda zote 8 unapata noti 2! Hata leo chukua kinanda cha 48, weka piano inayotumia sauti mbili kwa kila noti, juu yake stringi nazo mbili, hapo kila kidole ni 4, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya vidole sita ni 24, shikilia pedeli ya sasteni, ile ya mguuni inayofanya noti ziendelee kulia, ubadilishe kodi moja tu, 48 hizo zimeisha, ukienda kodi ya tatu noti za kwanza zinaanza kufa kimya kimya na wewe unamlaumu fundi mitambo.

La pili ni uchelewaji. Stringi nyingi zinaingia polepole, kwenye kuabudu zinapendeza kweli, ila kwaya ikifika kwenye sebene piano inagonga stringi bado zinakuja, kila kitu kinakuwa uji. Zizime, au tafuta zile zinazoingia haraka. Na tafadhali usipande piano juu ya piano ukidhani itanenepa, mara nyingi zinakatana zinatoa sauti ya pango, bora ya pili iwe kitu cha tabia nyingine kabisa, uipandishe au uishushe oktava moja, na volyumu yake iwe chini kiasi kwamba ukiizima ndio watu wanagundua ilikuwepo. Hilo la volyumu lipime kwenye spika za ukumbini, hedifoni zinadanganya sana.

Halafu kuna wale wenye vitufe vya rejistresheni, wamehifadhi kila kitu humo, umeme ukikatika ukarudi wao wanabonyeza namba moja wanaendelea wakati mwenzao anaanza kutafuta stringi upya kwaya imesimama inamwangalia. Safi sana, kila mtu afanye hivyo. Ila ukisikia mtu anasema "nina leya nane kwenye kinanda changu" na anamaanisha hivyo vitufe nane, mwambie taratibu tu kwamba hizo ni kumbukumbu, ndani ya namba tatu inawezekana kuna leya, ndani ya namba tano kuna spliti, na ndani ya namba saba pengine kuna piano peke yake.