Sola ya Saa Saba Mchana, Stima ya Saa Mbili Usiku

Paa za viwanda vya Nairobi zinazidi kufunikwa sola, na wengi huuliza: jua tunalo bure, mbona jiji zima lisiendeshwe nalo? Kinachotukwaza ni saa na nyaya.

Saa saba mchana sola huzalisha kwa nguvu. Lakini Wakenya hutumia umeme mwingi zaidi jioni, mwendo wa saa moja hadi saa nne, wakati taa, televisheni na pasi zimewashwa na jua limezama. Usiku wa manane mambo hugeuka: watu wamelala, na mvuke wa ardhini wa Olkaria, karibu na Naivasha, unaozalisha umeme bila kujua usiku wala mchana, mwingine huachiliwa hewani kwa kukosa mtumiaji. Inaniuma kila ninapoufikiria mvuke huo.

Nyaya nazo zina kisa chao. Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa imesimikwa kufikia 2017. Laini ya kilovolti 400 ya kuuleta umeme huo hadi kituo cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika 2018. Muda wote huo upepo ulivuma bure.

Hata laini ikiwapo, umeme unaoingia kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, lazima ulingane na unaotumika, sekunde kwa sekunde, ili masafa, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, yabaki hezi 50. Mtambo mmoja mkubwa ukizimika ghafla, masafa huporomoka. Jenereta za mvuke na za maji zina vyuma vizito vinavyozunguka, na mzunguko wao hupunguza kasi ya kuporomoka huko. Sola haina kinachozunguka. Inveta yake ya kawaida, kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe kama wa gridi, hufuata tu masafa inayoyakuta. Kwa hiyo kadiri sola inavyoongezeka, ndivyo tunavyohitaji betri kubwa kwenye vituo vya umeme, zinazoweza kujibu kabla sekunde haijaisha, na zitakazoibeba ziada ya mchana hadi jioni. Kwangu mimi, betri hizo zina haraka kuliko mtambo mwingine wowote mpya.

Mtaani, transfoma na vifaa vya kinga viliwekwa vikitarajia umeme utoke upande mmoja. Jumapili kiwanda kimefungwa na jua linawaka, sola yake husukuma umeme kurudi kwenye laini, na volti hupanda kwa majirani. Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kuuingiza umeme wake kwenye gridi kwa makubaliano na msambazaji. Ruhusa hiyo inataka mita zinazosoma pande zote mbili na transfoma zinazoweza kurekebisha volti zenyewe.

Ukifunga sola nyumbani, muulize fundi jambo moja: stima ikipotea, je, inveta hujitenga na laini yenyewe? Isipojitenga, fundi aliyepanda nguzo akiamini waya umekufa ataukuta uko hai.